Ukitaka kushusha pikapu, anza na pembe

Leo tuache seva na msimbo kidogo, tuingie chini ya gari. Kazi yangu ni kuandika programu, si kuchomelea vyuma, lakini hesabu ni hesabu.

Kule Marekani, hasa California na Texas, kushusha pikapu za zamani ni utamaduni mzima. Mojawapo ya zinazopendwa sana ni Chevrolet C10 ya miaka ya 1967 hadi 1972. Ukisikiliza mazungumzo yao, wengi wanauliza swali moja tu: umeshusha inchi ngapi? Msimamo wangu ni kwamba kimo ndicho kitu rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye pembe za propela shafti, na inafaa imalizwe kwenye karatasi kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Hebu tuone kwa nini. Yunivasali jointi ikizunguka huku imepinda, upande wa pili hauendi kwa mwendo mmoja. Unaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Jointi ikipinda digrii 3, tofauti ni asilimia 0.14 hivi. Ikipinda digrii 10, ni asilimia 1.5. Unasema ni kidogo? Tuseme upande wa giaboksi unazunguka mara 3,000 kwa dakika. Upande wa pili utakuwa unapanda na kushuka kati ya 2,954 na 3,046, mara 100 kila sekunde! Huo ndio mtetemo unaokula jointi na bearingi.

Dawa ni jointi ya pili kufuta kosa la ya kwanza. Kwa shafti ya kipande kimoja, pembe mbili ziwe sawa, yaani shafti inayotoka giaboksi na ile inayoingia difu ziwe sambamba. Mafundi wengi hulenga digrii 1 hadi 3. Sifuri kabisa pia si nzuri, kwa sababu rola ndogo za jointi hukaa mahali pamoja na kuchimba.

Sasa rudi kwa C10. Ekseli yake ya nyuma imefungwa imara kwenye mikono miwili mirefu. Ukiweka springi fupi, chasisi inashuka, mikono inabadilisha mlalo, na ekseli nzima inageuka nayo. Chukua mkono wa sentimita 120, shusha gari sentimita 12: pua ya difu imeinama karibu digrii 6 zaidi. Ndiyo maana kuna kabari za kurekebisha pembe hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kupima gari likiwa juu ya stendi, ekseli ikining'inia. Pima kwa kimo cha kuendeshea, magurudumu yakibeba uzito. Vinginevyo ni kama kujaribu programu kwenye tarakilishi yako pekee, kisha kushangaa ikianguka kwa mteja. Tofauti ni kwamba programu ikianguka unaiwasha tena. Jointi ya mbele ikikatika kwa kasi, shafti inaweza kudondoka na kuchoma lami, na ndani ya gari kuna watu.

Wapo watakaosema fundi mzoefu husikia kwa sikio. Naheshimu sikio, lakini linasikia baada ya vyuma kuchomelewa. Simu yako inaweza kupima mlalo, na hesabu yenyewe inaenea kwenye lahajedwali ya safu chache.

Na usidhani haya ni ya Wamarekani tu. Hapa kwetu tunaongeza bamba za springi ili pikapu ibebe mzigo, na hapo pia pembe zinahama. Kwa hivyo fundi akikuambia gari liko tayari, muulize: giaboksi ni digrii ngapi, na difu digrii ngapi? Akikosa jibu, usichukue ufunguo bado.