Kabla ya Kununua Koti

Majuma matatu yaliyopita alinijia nyumbani hapa Balangdalalu kijana niliyemfundisha darasa la tano, ambaye sasa ni mhadhiri msaidizi. Amepata ufadhili wa kwenda Kanada kusomea shahada ya uzamivu juu ya malisho ya nchi kame. Mama watoto akachinja jogoo. Tulipokwisha kula, kijana akatoa karatasi ya matayarisho yake: pasi, viza, vyeti, chanjo, koti zito, viatu vya theluji.

Nikamwuliza Wabarabaig wanaita muhajega mahali gani. Hakujua, naye amezaliwa Katesh! Nikamwuliza ni majani gani ng'ombe huyapenda mvua zikianza. Akacheka, akasema, "Shikamoo Mwalimu, hayo profesa wangu atanielekeza."

Hapo ndipo ninapogomba. Profesa huyo, kwa wema wake wote, atamwelekeza kwenye yale anayoyajua yeye. Anayekwenda bila swali la kwao atapewa swali la wenyeji wake, na atarudi na jibu lake akitaka kutulazimisha tulikubali.

Sisi wa Hanang hatuna ruhusa ya kulisahau hili. Tangu miaka ya 1970 Tanzania na Kanada zilishirikiana kulima ngano katika tambarare zetu. Shirika la umma, NAFCO, likawa na mashamba saba, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, jumla yake zaidi ya ekari 70,000. Watanzania walipelekwa Kanada kujifunza kilimo na mitambo ile. Siwabezi: walirudi na ujuzi wa kweli, na ngano iliota. Lakini muhajega, yale malisho yenye rutuba ambayo wafugaji huyatumia kwa msimu kisha huyaacha yapumzike, yalihesabiwa kuwa ardhi tupu. Ardhi iliyopumzishwa ikaonekana ardhi isiyo na mwenyewe! Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa Mulbadaw waliishitaki NAFCO mahakamani. Hakimu angeweza kupumzika, ndugu msomaji, kama mtu mmoja aliyesoma angekaa siku kumi tu malishoni kabla ya kupanda ndege.

Wastaafu wenzangu wananiambia nimezeeka. Mtoto wa maskini akipata nafasi aende upesi kabla haijafutwa. Na aende! Nani amemzuia? Mwalimu Nyerere naye alikwenda Edinburgh mwaka 1949, lakini alikuwa amekwisha kufundisha Tabora, na aliporudi mwaka 1952 akashika tena chaki, huko Pugu. Ninachokataa ni kijana kutumia miezi minne kutafuta koti na asitumie hata juma moja kuwasikiliza watu ambao ng'ombe wao ndio watakaompatia shahada.

Tena lugha. Kiingereza chake amekipima kwa mtihani wa kulipia. Kidatoga hajui hata kusalimia.

Nilimwambia nina rafiki, mzee mfugaji wa upande wa Basotu, aliye tayari kutembea naye malishoni tangu alfajiri mpaka ng'ombe warudi. Hatadai posho, kilo mbili za sukari zinatosha. Kijana akaahidi kuja Jumatatu. Jumatatu tatu zimepita, na mzee amekwisha kuniuliza mara mbili kama mgeni wetu amesafiri.