Amana ya Binti Uwanjani

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alituomba tumsindikize Kericho, akamwone binti yake anayesoma chuo huko na kuichezea timu ya magongo. Alikuwa amekusudia kumtoa. Njia nzima, tulipopita katikati ya mashamba ya chai, hakutaja ila mavazi.

Alasiri ilinyesha mvua ya mawe, kama ilivyo ada ya mji ule. Kocha mkuu alisimamisha mazoezi. Ilipokatika, msaidizi wake, mama wa makamo, alikagua kinga za ugoko na za meno, mchezaji mmoja mmoja, kabla ya kuwaruhusu kurudi. Mpira wa magongo ni mgumu mno, na kwenye nyasi zenye maji huruka ovyo. Meneja alishika daftari: nani amefunga, nani mgonjwa, nani ana idhini ya kusafiri. Binti alicheza kwa suruali ndefu na mtandio, wala hakuna aliyemuuliza.

Mzee alidhani kocha ni mpiga filimbi tu. Tukamtajia Avtar Singh Sohal, nahodha wa Kenya iliyoshika nafasi ya sita Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ambaye baadaye alikuwa kocha wa timu ya taifa. Akanyamaza.

Kisha akaomba daftari. Mbele ya jina la binti yake, safu ya idhini ya mzazi ilikuwa tupu. Ndiyo maana hakwenda Nairobi na wenzake. Msaidizi alisema kwa upole kwamba walikuwa wakimsubiri yeye.

Mzee akatuomba kalamu.