Flashi Iliyookotwa

Mtu akiokota flashi njiani na kuichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, tunamwita mzembe. Mimi sikubali. Mwaka 2016 watafiti walichapisha jaribio walilofanya katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani: walidondosha flashi 297 chuoni, karibu zote zikaokotwa, na angalau asilimia 45 zilichomekwa na faili zake kufunguliwa. Wengi wa waliokubali kuhojiwa walisema walikuwa wanamtafuta mwenyewe wamrudishie. Yaani mlango ulifunguliwa na watu wema. Na hatari si ya kubuni: mwaka 2008 virusi vilivyoletwa na flashi vilienea katika kompyuta za jeshi la Marekani, hadi Wizara ya Ulinzi ikapiga marufuku vifaa hivyo.

Kwetu flashi ndiyo posta. Kati ya Yangambi na Kisangani kuna kilomita kama 100, na intaneti ikigoma, vipimo vya msituni na kazi za kumalizia masomo husafiri mfukoni, kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Kisha flashi ileile inapita mashine ya kuchapisha, ya rafiki, ya ofisi. Yangambi ndipo ilipo INERA, mrithi wa INEAC iliyoundwa mwaka 1933, pamoja na hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa. Mtafiti aliyepima miti miaka mitatu na kuweka takwimu zake mahali pamoja tu anaweza kuzipoteza kwa sababu jirani yake alitaka kusaidia.

Basi tangazo la Kifaransa mlangoni, lenye neno “marufuku” kwa herufi kubwa, linasema na mwizi, na mwizi halisomi. Mwenye huruma anahitaji kuambiwa afanye nini: “Ukiokota flashi, usiichomeke. Mpe mlinzi wa lango. Mwenyewe ataiulizia hapo.” Hali kadhalika neno la siri. Karani akipigiwa simu na mtu anayejiita mkubwa wake aliye safarini, kumwambia “usitoe siri” ni kumtaka amnyime mkubwa. (Nani atathubutu?) Mwambie hivi: “Kata simu, kisha mpigie wewe kwa namba unayoijua.”

Matangazo ya namna hiyo ni kazi ya watu wa lugha. Kitivo chetu kingeweza kuyaandika muhula huu, kwa Kiswahili na Lingala, na kuwasomea kwanza walinzi na makarani kabla ya kuyabandika.