Cheti cha Kuhudhuria

Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa hapa Dodoma alitujia na karatasi mkononi. Aliuza zabibu za msimu mzima ili bintiye apate mafunzo ya haraka ya kompyuta. Binti amejifunza kweli, lakini karatasi ile ni cheti cha kuhudhuria tu. Ada ya mtihani haikuwemo.

Ndugu wazazi, anayefundisha siye anayetahini. Cheti cha CompTIA A+ hudai mitihani miwili, kila mmoja ukilipiwa peke yake, nacho hukoma baada ya miaka 3 kisipohuishwa. Kabla ya kutoa fedha, ulizeni kama mtihani umo, na jibu liandikwe.

Kamati itamlipia binti mtihani wa kwanza. Wa pili, baba anangoja mavuno.