Nani Kasema Programu Imekufa?



Nimesita sana kuandika makala haya, maana baadhi ya ninaowasema ni marafiki zangu na Ijumaa hii tutakutana msikitini. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nami nimechoka kusikia viongozi wa jumuiya zetu hapa Uingereza wakituambia kwamba programu fulani "imekufa", kisha wakafunga mjadala.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumuiya moja ina mfuko wa maziko. Kila mwanachama hutoa paundi 10 kwa mwezi. Aliyechangia miaka mitatu mfululizo, akifariki, mfuko hulipa gharama zote za kumrudisha nyumbani. Hesabu zilikuwa ndani ya programu aliyoiandika mwanachama mmoja mwaka 2006, ambaye naye sasa ni marehemu. Mwishoni mwa 2024 kompyuta ya mweka hazina iliharibika. Ikanunuliwa nyingine, ikawekwa Linux mpya, mafaili yakahamishwa. Programu ikakataa kufunguka. Ikalalamika kwamba haikuliona faili liitwalo libpng12.so.0. Kamati ikakaa na kuamua: programu imekufa, tufungue daftari jipya, na wote tuhesabiwe kuanzia Januari 2025.

Hebu fikirini maana ya uamuzi huo. Yuko mama mmoja anayefagia maofisi usiku tangu 2007 na hajakosa kuchangia hata mwezi mmoja. Leo ameambiwa kwamba akifariki kabla ya Januari 2028, yeye na aliyejiunga juzi ni sawasawa. Jasho la miaka kumi na saba limefutwa kwa sababu ya faili moja lisilofika hata megabaiti moja!

Na faili hilo ni la nini? Kazi yake ni kusoma picha za aina ya PNG. Programu ya marehemu ilikuwa inalihitaji ili kuonyesha nembo ya jumuiya juu ya ukurasa. Hesabu za watu zilikuwa salama salimini ndani ya diski, hazikuguswa.

Wasio mafundi nitawaeleza hivi. Kwetu, mtaa mzima hutumia masufuria makubwa yale yale ya shughuli. Hakuna anayenunua lake, kila mwenye harusi huazima. Kompyuta nayo hufanya hivyo. Kuna mafaili yanayoitwa maktaba za pamoja, ambayo programu nyingi huyaazima. Ni utaratibu mzuri. Aprili 2014 lilipogunduliwa tundu kubwa la usalama katika maktaba ya OpenSSL, lile lililoitwa Heartbleed, ilitosha kubadilisha maktaba hiyo na kuziwasha upya programu zilizokuwa zikiiazima. Hazikuhitaji kuandikwa upya moja moja.

Ugomvi wangu ni na wanaoliondoa sufuria bila kujali nani bado analipikia. Debian 9, iliyotoka Juni 2017, ilikuja na libpng16 na kuiacha libpng12. Oktoba 2019 kampuni ya Apple ilitoa macOS Catalina, na programu zote za biti 32 zikakoma kufanya kazi humo. Linus Torvalds, baba wa Linux, ana sheria kali kwamba kiini cha mfumo kisivunje programu za watumiaji. Walio pembeni ya kiini hawajajifunga na sheria hiyo. Hata hivyo, kelele zinafaa: Juni 2019 wenye Ubuntu walitangaza kuacha maktaba za biti 32, watumiaji wakapiga kelele, na kabla ya wiki kwisha wakalegeza uamuzi.

Sasa nawageukia vijana wetu wenye ushauri wa haraka. Mmoja alitaka kuchukua libpng16 na kuiwekea kiungo chenye jina la libpng12. Huko ni kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Namba hubadilika kwa sababu mpangilio wa ndani umebadilika. Libpng yenyewe hukagua toleo na kukataa, lakini maktaba nyingine hazikagui, na programu yaweza kuendelea huku ikiandika upuuzi. Mwingine alitaka kushusha faili kutoka mahali asipopajua kwenye intaneti. Je, funguo za nyumba yako ungempa mpita njia?

Njia sahihi haina uchawi. Kwanza, nakili diski nzima kabla ya kugusa kitu. Pili, amri ya ldd itakuorodheshea maktaba zote zinazotakiwa na zipi hazipo, ili usitafute moja baada ya nyingine. Tatu, hakikisha programu ni ya biti 32 au 64, maana maktaba lazima zilingane nayo. Nne, chukua toleo lile lile kutoka hazina ya wenyewe. Debian wanatunza vifurushi vyao tangu 2005. Tano, liweke ndani ya folda ya programu yenyewe, na kwa kutumia LD_LIBRARY_PATH uielekeze programu hiyo peke yake huko. Usilichanganye na maktaba za mfumo, na libc usiiguse kabisa, la sivyo kompyuta nzima italala.

Wapo watakaosema maktaba za zamani zina matundu ya usalama. Ni kweli. Ndiyo maana kompyuta hiyo huondolewa kwenye mtandao, programu ikafunguliwa, na siku hiyo hiyo hesabu zote zikatolewa katika maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itayasoma. Baada ya hapo nunueni programu mpya mnayoitaka, sina neno.

Mimi nilifanya hayo Jumamosi moja, na kabla ya adhuhuri daftari lilikuwa wazi. Michango yote tangu 2006 imo, mwezi kwa mwezi. Nimempa katibu nakala mbili, na nyingine nimeichapisha kwenye karatasi.

Tulichobakiwa nacho si kazi ya fundi. Kamati ifute uamuzi wake, na iufute mbele ya wanachama. Na kuanzia sasa, atakayetuandikia programu atuachie msimbo wake na maktaba zake zote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Atakayesema halisomeki aje kwangu, nitamfungulia asome jina la yule mama mwenyewe.