Mheshimiwa Waziri, Nimeolewa au Sijaolewa?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sheria za ndoa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizowapelekea walio chini yako hazikujibiwa, na kwa sababu fremu ya Njiro niliyotanguliza kodi yake ili nifungue duka la dawa sasa inauza simu.

Sitakufundisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Unajua kwamba kifungu cha 36 kinaitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi, ikiwa taratibu za huko zilifuatwa na wahusika walikuwa na sifa na wakaridhiana. Unajua pia kwamba kwa kifungu cha 12, ndoa iliyofungwa Tanzania au kwingineko haifi kwa sababu watu wamechokana, wala kwa sababu karani ameamua hivyo. Ninachotaka ukijue ni kwamba liko dirisha la usajili wa ndoa, hapahapa Tanzania Bara, ambako habari hizo hazijafika.

Nilifunga ndoa ya kiserikali Nairobi mwaka 2015. Haikudumu. Mwenzangu alikwenda Doha kikazi na hana mpango wa kurudi, nami nikarejea Arusha nikajenga nyumba ndogo kwa mshahara wangu wa ufamasia. Baadaye nikaamua kuiuza nipate mtaji. Mnunuzi akapatikana, tukaelewana bei. Wakili wake akaniuliza kama nina mume. Kama ninaye, nilete ridhaa yake; kama tumeachana, nilete talaka ya mahakama. Sina ugomvi na wakili huyo. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya wanandoa isiuzwe kimyakimya, na wapo wanawake ambao bila kifungu hicho wangekuta vyombo vyao barabarani. Alikuwa anafanya kazi yake.

Nikaenda dirishani kuuliza nianzie wapi, maana talaka huombwa juu ya ndoa inayotambulika. Ofisa akakigeuzageuza cheti changu kama noti anayoishuku. "Hii ni ya huko nje, dada. Haijasajiliwa hapa. Kwetu sisi wewe huna ndoa, sasa talaka ya nini? Endelea na maisha yako." Nikamwomba aniandikie maneno hayohayo, mistari miwili, saini na muhuri, nimpelekee wakili. Akacheka. Akasema ofisi haiandiki vitu kama hivyo.

Huko nje, Mheshimiwa, ni Nairobi. Unapanda basi asubuhi, unagongewa muhuri Namanga, na jua likiwa bado juu umeshafika. Na mimi ninaishi Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaambiwa soko la pamoja limeanza tangu 2010. Nyanya zinavuka mpaka bila shida. Cheti cha ndoa ndicho kinachofia njiani.

Kwa hiyo kwa wakili mimi ni mke wa mtu, na kwa serikali ni mseja, ila useja wangu ni wa mdomo tu. Mnunuzi hanunui nyumba kwa maneno ya mdomo. Alisubiri kwa uungwana, akachoka, akanunua kwingine. Mwenye fremu naye hakuwa na sababu ya kunisubiri. Bila jengo sina cha kupeleka Baraza la Famasi kuombea kibali. Yote hayo kwa mistari miwili ambayo mtumishi wa umma aliweza kuitamka lakini hakuthubutu kuiandika.

Kama aliamini alichokisema, kwa nini hakukiandika?

Maana angekiandika, tungeona kinavyokwenda. Kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, sheria itachukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani ningekaa na mtu Mbagala bila hata soda ya harusi, sheria ingeniita mke. Nimesimama mbele ya msajili, na mashahidi, nikatia saini, naambiwa sina kitu. Na kifungu cha 15 kinamkataza mwanamke aliyeolewa kufunga ndoa nyingine. Nikiufuata ushauri wa dirishani nikaolewa tena, siku nitakaposhitakiwa ofisa yule atakuja kunitetea? Na wanaume wangapi wameacha wake Nairobi, Kampala au Uingereza, wakarudi nyumbani, wakapewa jibu kama langu na kulipokea kwa furaha?

Nilijaribu njia ya mahakama bila kumtegemea msajili. Nikaelekezwa kwanza baraza la usuluhishi. Sawa, ndivyo sheria inavyotaka. Baraza likasema haliwezi kusikiliza upande mmoja: mlete mumeo. Kutoka Doha, aje kusuluhishwa kwenye ofisi ya kata yenye benchi moja. Kifungu cha 101 kinatusamehe baraza tulio na wenza walio nje ya nchi ambao hawatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita. Niliwasomea. Mzee mmoja wa baraza akaniambia hiyo ni ya mawakili.

Wenye talaka za mahakama za nje nao wana kilio chao, wakati kifungu cha 91 kipo kwa ajili yao. Sheria hii ina zaidi ya miaka 50 na inakumbukwa mahali pabaya tu. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu vya 13 na 17 vinavyoruhusu ndoa za wasichana wadogo ni kinyume cha Katiba, zikataka virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha na vifungu vikabaki pale pale. Basi ninajiuliza kama wizara inayoweza kusubirisha hukumu ya Mahakama ya Rufani itashtushwa na mfamasia wa Njiro.

Naomba hata hivyo. Toa waraka kwa kila msajili wa ndoa wa wilaya, usiozidi ukurasa mmoja: ndoa ya nje iliyofuata kifungu cha 36 ni ndoa, na mwananchi akiambiwa vinginevyo apewe jibu hilo kwa maandishi, na jina la aliyelitoa. Waraka kama huo uende kwa mabaraza ya usuluhishi kuhusu kifungu cha 101. Hauhitaji Bunge, wala semina ya Dodoma yenye mabegi na posho.

Nakala ya cheti changu nimeiambatanisha pamoja na barua za awali. Nyumba bado haijauzwa.

Wako mtiifu,
Mfamasia, Njiro, Arusha