Capitano na Kiswahili cha Kambini

Katika michezo ya kuigiza ya Italia ya karne ya 16 alikuwamo Capitano, askari wa majigambo, mara nyingi Mhispania, atimuaye mbio upanga uchomolewapo. Wahispania walitawala Naples na Milan. Raia wakajilipiza kwa kicheko. Pantalone alinena lahaja ya Venice, Dottore ya Bologna. Wako walimu wa Kiitaliano wawaigizishao wanafunzi michezo hiyo, wapate lugha pamoja na mwenendo wa wenyewe.

Hapa Uganda wako raia ambao Kiswahili huwakumbusha amri na bunduki za enzi ya Amin, 1971 hadi 1979. Vyuo vyetu vitenge saa ya maigizo: kuruta awe mama muuza ndizi, mkufunzi asimamie kizuizi cha barabarani. Capitano naye asikosekane.